Mtoto Ana Wenyewe: Historia Fupi ya Kazi ya Ustawi wa Watoto Katika Nchi Yetu



Kurasa za hesabu zimekwisha kuwaeleza fedha za chama zilivyoingia na zilivyotoka. Kurasa hizi zina kazi nyingine. Zataka kueleza kwa ufupi jinsi watu wa ustawi walivyoingia katika nyumba za watu wetu tangu siku za ukoloni hadi leo. Walipopokelewa, walipofungiwa mlango, na sababu zake. Jambo hili latugusa sisi wa Ngoingwa, kwa kuwa wahudumu wa watoto hubisha malangoni petu, na baadhi yetu ndio wanaobisha.

Husemwa katika Kiswahili kwamba kitu fulani kina wenyewe. Mtoto naye ana wenyewe. Maana yake si kwamba ni mali yao kama mbuzi au shamba. Maana yake ni kwamba wapo watu wa kuulizwa juu yake, na wapo watakaoumia akipotea. Historia tutakayoisimulia yaonyesha kwamba mhudumu alipowasahau wenyewe, kazi yake ilivunjika hata kama nia yake ilikuwa njema. Yaonyesha pia kwamba wenyewe huweza kumdhuru mtoto wao, na hapo heshima haina ruhusa ya kunyamaza. Mambo haya mawili hayana budi kwenda pamoja.

DESTURI YA ZAMANI

Katika nchi ya Kiambu na Murang'a, kabla ya kuja kwa afisa wa ustawi, mtoto alilelewa katika nyumba ya mamaye, na nyumba hiyo ilikuwa ndani ya mbari, na mbari ndani ya muhiriga. Baba akifa, mjane na watoto hawakutolewa katika ardhi ya mbari. Ndugu za marehemu walipaswa kuwatunza. Mtoto aliyezaliwa na msichana asiyeolewa alihesabiwa katika nyumba ya babu yake mzaa mama. Kwa njia hii palikuwa na jibu kila ulipoulizwa mtoto fulani ni wa nani.

Majina nayo yalifanya kazi hiyo. Mwana wa kwanza hupewa jina la baba wa babaye, na wa pili jina la baba wa mamaye. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babaye, na wa pili la mama wa mamaye. Kwa hiyo cucu amwitapo mjukuu wake mdogo hutaja jina la mumewe, na humpa heshima ya jina hilo. Mgeni asiyejua jambo hili huona mtoto mmoja tu mwenye nguo chakavu, na hajui kwamba mbele yake amesimama mtu aliyebeba jina la mzee wa nyumba ile.

Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na mtoto aliyeonewa. Alikuwapo, na palikuwa na desturi zilizomwumiza. Twasema tu kwamba ulezi ulikuwa na mpango wake, na mtu wa kigeni aliyetaka kuutengeneza alipaswa kwanza kuujua.

MWAKA 1929

Mfano mkubwa wa kwanza ni wa mwaka 1929. Misheni kadhaa za Kiprotestanti, miongoni mwao ile ya Waskoti pale Thogoto, Africa Inland Mission ya Kijabe, na Gospel Missionary Society ya Kambui, ambayo ni jirani yetu, ziliwataka waumini na walimu kuikana desturi ya kuwakeketa wasichana. Waliokubali waliweka alama ya kidole gumba, ndipo jambo lile likaitwa kirore.

Leo twajua bila shaka kwamba ukeketaji huwadhuru wasichana, na Sheria ya mwaka 2011 yaukataza katika Kenya yote. Wamisionari waliona madhara yale katika hospitali zao, na katika hilo hawakukosea. Lakini njia waliyoifuata ilikuwa ya kuwaambia wazazi wachague upande mmoja mara moja, na asiyeweka kidole atoke pamoja na watoto wake. Wazazi wengi walitoka. Shule zikapoteza wanafunzi, wimbo wa Muthirigu ukaimbwa kila mahali hata Serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930, na desturi ile ikashikwa kwa nguvu zaidi kuliko kwanza, kwa kuwa sasa ilikuwa imefungamana na ardhi na hadhi ya taifa zima.

Wazazi hawakuwa wamekataa elimu. Walijenga shule zao wenyewe kwa michango yao, zikasimamiwa na vyama vya shule za kujitegemea, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri chini ya Mbiyu Koinange. Shule hizo zilikuja kufungwa na Serikali wakati wa Hali ya Hatari. Yafaa tukumbuke kwamba mzazi aliyeitwa mkaidi mwaka 1929 ndiye aliyetoa senti zake za mwisho ili mwanawe asome. Mhudumu aliyemwona kama adui wa mtoto hakuwa amemtazama vizuri.

HALI YA HATARI

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, na maelfu ya wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Wake na watoto wengi walirudishwa katika rizavu. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 jamaa ziliamriwa kuacha boma zao na kuhamia vijiji vilivyolindwa. Kabla mwaka 1955 haujaisha, zaidi ya watu 1,000,000 walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, na Kiambu haikusazwa.

Wazee waliokuwa watoto siku zile wanakumbuka. Baba yuko kizuizini au msituni au amekufa. Mama anaitwa asubuhi kwenda kuchimba handaki na matuta bila malipo. Watoto wadogo wanabaki na cucu, au na dada mwenye miaka 8. Njaa na maradhi viliwaua wengi. Hapo ndipo kazi ya ustawi wa watoto ilipoanza kuonekana waziwazi vijijini: Msalaba Mwekundu uligawa maziwa na uji, nyumba za kulea watoto zilifunguliwa mama zao wakiwa kazini, wanawake wa idara ya Maendeleo ya Jamii walifundisha usafi na chakula cha mtoto, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, vilienea.

Maziwa yale yaliokoa watoto, na wako waliotoa msaada ule kwa moyo safi. Lakini yatupasa kuona jambo moja. Mama yule hakuweza kutofautisha mkono uliompa mtoto uji na mkono uliomfungia kijijini, maana yote miwili ilitoka katika Serikali moja. Hakuulizwa neno. Alipewa mafundisho ya kumtunza mtoto na watu ambao Serikali yao ilikuwa imemnyang'anya muda wa kumtunza, shamba la kumlishia, na mume wa kumsaidia. Akinyamaza mbele ya bibi wa ustawi, alihesabiwa kuwa hajui malezi. Hajui malezi, na huku amewavusha watoto wake katika miaka ile!

Mambo hayo yaliacha alama. Kwa miaka mingi baadaye, gari la Serikali likisimama penye njia, kina mama waliwaita watoto ndani. Mhudumu wa leo akikuta mlango umefungwa, asiseme upesi kwamba watu hawa wanaficha jambo. Huenda wanakumbuka jambo.

CHAMA CHA USTAWI WA WATOTO NA KAZI YA PROBESHENI

Katika siku hizo hizo, mwaka 1955, Child Welfare Society of Kenya ilianzishwa. Watoto waliopotezana na wazazi walikuwa wengi, na hapana budi mtu awatafutie makao. Jumuiya hiyo ingali inafanya kazi hadi leo.

Mawazo ya kazi ile yalitoka Uingereza. Huko, mwezi wa Januari 1945, mvulana aitwaye Dennis O'Neill alikufa kwa kupigwa na kunyimwa chakula katika shamba alikokuwa amewekwa na Serikali ya mtaa iliyomtoa kwao ili awe salama. Taifa lilishtuka, na mwaka 1948 Bunge likapitisha Sheria ya Watoto iliyoweka maafisa wa watoto. Mwaka 1951 daktari John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Ulimwenguni taarifa iliyoeleza jinsi mtoto mdogo anavyoumia moyoni akitengwa na mama au mlezi wake, hata akilishwa na kuvikwa vizuri katika taasisi. Wazee wetu wangaliulizwa, wangaliweza kusema hivyo bila kuandika taarifa.

Tawi jingine la kazi hii lilikuwa probesheni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1943 na kuanza kutumika mwaka 1946. Afisa wa probesheni alipaswa kwenda nyumbani kwa mkosaji, kuketi na jamaa zake, na kuiarifu mahakama hali aliyoikuta. Kwa mara ya kwanza hakimu aliweza kusikia habari za nyumba ya mvulana kabla ya kumhukumu. Kazi ilifaa pale afisa alipojua lugha, akaketi, akasikiliza. Haikufaa pale alipomaliza maswali yake akiwa amesimama mlangoni.

Twaona jambo hilo kwa wavulana waliokamatwa katika njia za Nairobi. Mara nyingi walipakiwa katika malori na kurudishwa rizavu, na baada ya siku chache walikuwa wamerudi mjini. Lori lilijua wilaya ya mtoto. Halikujua kama babaye yu hai, wala kama nyumbani kuna chakula, wala ni neno gani lililomfanya akimbie. Kumrudisha mtoto penye ardhi si kumrudisha kwa wenyewe.

MFANO WA MERU NA THARAKA

Yafaa hapa tuvuke kwenda Meru, maana mambo ya huko yanakamilisha habari ya 1929. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke, likihimizwa na Serikali, lilipiga marufuku ukeketaji. Safari hii si wageni waliosema, bali wazee wenyewe. Hata hivyo kina mama na nyanya, ambao ndio wenye shughuli ile, hawakuulizwa, na wasichana hawakuulizwa. Wasichana wakaanza kujikata wenyewe kwa wembe, wakaitwa Ngaitana. Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri ile.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1996, palifanyika jambo jingine huko Tharaka. Maendeleo ya Wanawake, pamoja na shirika la Marekani liitwalo PATH, walikuwa wameketi na jamaa na kuuliza ni kitu gani katika desturi ile wazazi wanakithamini. Jibu likawa: mafundisho, siku za kukaa ndani na mlezi, zawadi, na heshima ya binti mbele ya watu. Basi vitu hivyo vikabaki, na kisu kikaondolewa. Wakaiita Ntanira na Mugambo, maana yake kutahiriwa kwa maneno. Jamaa za kwanza zilikuwa chache, na desturi ya zamani haikuisha siku ile. Lakini mama aliyemtoa binti yake alimtoa kwa hiari na mbele ya majirani, naye akawa shahidi kwa wenzake.

Lengo la 1929, la 1956 na la 1996 lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika kuuliza, na katika kumwuliza mtu anayehusika. Wazee waheshimiwa wa chama hiki wasikasirike tukisema kwamba baraza la wanaume peke yao halitoshi kuitwa jamaa.

SHERIA BAADA YA UHURU

Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo. Wanaume wengi waliichukia, na mwaka 1969 Bunge liliifuta. Mzigo ukabaki kwa mama na, zaidi, kwa wazazi wake. Katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru, ambako wasichana walikuja kufanya kazi katika viwanda na mashamba ya kahawa, mkonge na mananasi, mtoto alipelekwa kwa cucu mashambani na mama akatuma pesa kila mwisho wa mwezi. Ukimkuta mtoto wa namna hii usiseme ametupwa. Ndiyo njia ambayo jamaa yake iliibuni pale sheria ilipomwacha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, ndiyo iliyoweka wazi kwamba mama na baba wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141 ya sheria za Kenya, ilitungwa wakati wa uhuru. Chini yake, mtoto aliyeiba na mtoto aliyekosa wa kumtunza waliweza kufikishwa mbele ya mahakama moja, na wote wawili kupelekwa katika shule moja ya kurekebisha tabia. Jamaa walijifunza kuogopa: ukienda kwa afisa kuomba msaada, huenda ukaondoka bila mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2002, ilibadili mengi, na sheria mpya ya mwaka 2022 ikachukua nafasi yake. Lakini hofu haifutwi kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Hufutwa na mhudumu mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba.

MAKAO YA WATOTO

Yatupasa kuwashukuru waliojenga makao na shule za watoto wenye shida. Mjini Thika, Jeshi la Wokovu lilianzisha kazi ya kuwafundisha vipofu mwaka 1946, na baadaye shule ya Joytown kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Nairobi, mwaka 1959, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe kwa wavulana wasio na makao. Maelfu wamepata maisha mema kwa kazi hizo.

Hata hivyo, ugonjwa wa Ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, ulipowaacha watoto wengi bila wazazi, makao ya watoto yaliongezeka kupita kiasi. Mengine yalikuwa mazuri, mengine yalikuwa biashara. Fedha za wafadhili zilifuata makao, na watoto wakafuata fedha. Cucu aliyekuwa na wajukuu 5 na debe moja la mahindi aliambiwa kwamba watoto watakula na kusoma wakiondoka kwake, lakini hakuambiwa kwamba angeweza kusaidiwa wakikaa kwake. Ndiyo sababu watoto wengi walioitwa mayatima katika makao walikuwa na mzazi mmoja hai, au jamaa wa karibu.

Mwaka 2004 Serikali ilijaribu njia nyingine. Nyumba 500 za Kwale, Garissa na Nairobi, zilizokuwa zikilea mayatima na watoto wenye shida, zilianza kupewa fedha mkononi mwa mlezi mwenyewe. Mpango ule ulikua ukafika nchi nzima, na kiasi kikawa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi. Lakini ndani yake mna neno la heshima: twakuamini wewe mlezi. Mwaka 2014 ulitolewa mwongozo wa malezi mbadala, na mwaka 2022 mkakati wa miaka 10 wa kurekebisha malezi, hadi 2032, wenye nia ya kuzuia watoto wasitengane na jamaa zao, na kuwarudisha nyumbani hatua kwa hatua wale walio katika makao. Basi katika miaka hii wako watoto watakaorudi katika nyumba za Thika, Gatundu na Ruiru. Wakipokelewa vibaya, au wakirudishwa kwa haraka kama wale wavulana wa lori, watarudi njiani.

WENZETU WA NEW ZEALAND

Katika nchi ya New Zealand, watoto wa Wamaori walikuwa wakitolewa nyumbani na Serikali kwa wingi. Mwaka 1986 kamati iliyoongozwa na mzee wao John Rangihau ilitoa taarifa, Puao-te-Ata-Tu, iliyosema wazi kwamba idara ya ustawi inawadharau Wamaori na jamaa zao. Mwaka 1989 ikatungwa sheria iliyoleta mkutano wa jamaa. Mtoto akiwa na shida, jamaa wote huitwa: mababu, shangazi, wajomba. Afisa huwaeleza anayoyajua bila kuficha. Kisha afisa hutoka nje ya chumba. Jamaa hubaki peke yao, hushauriana, na kumwita arudi wakiwa na mpango wao. Afisa ana haki ya kukataa mpango usiomlinda mtoto, lakini si yeye wa kwanza kusema.

Wazee wetu wataitambua njia hiyo, maana ndivyo mbari ilivyofanya. Jambo la kujifunza ni ule ujasiri wa afisa wa kutoka nje ya chumba.

YATUPASAYO SISI WA NGOINGWA

Ngoingwa ya leo si boma la mbari moja. Kando ya barabara ya Mang'u wako wenye nyumba na wako wapangaji, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengine. Mtu hukaa miaka miwili asijue jina la jirani wa ukuta mmoja. Mama atoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku, na cucu yuko mbali. Kwa hiyo mhudumu hana budi kuwatafuta wenyewe wa mtoto, maana hawako ua mmoja tena. Kutokana na historia hii tumeona yafaa wahudumu wetu wafuate mambo haya.

Kwanza, mhudumu abishe hodi, ataje jina lake, chama chake, na shida iliyomleta, kabla ya kuuliza swali lolote. Asimtangulize askari wala mzee wa mtaa, isipokuwa maisha ya mtoto yako hatarini.

Pili, aulize nani hasa anayemlea mtoto, wala asikisie. Huenda si baba wala mama, bali ni cucu, dada mkubwa, au mjomba aliyeko Machakos au Kakamega. Simu ya mkononi imemleta mjomba karibu, apigiwe.

Tatu, aanze na yale mema anayoyaona. Nyumba inayodaiwa kodi ya miezi mitatu na bado mtoto anakwenda shule ina nguvu ndani yake. Nguvu hiyo ndiyo ya kushika.

Nne, atunze siri. Shida ya nyumba isisemwe katika mkutano wa chama wala kanisani, na picha ya mtoto mwenye shida isichapwe katika kitabu hiki wala kusambazwa kwa simu ili kutafuta michango. Sisi hatungependa watoto wetu waonyeshwe hivyo.

Tano, aahidi lile awezalo tu, na arudi siku aliyosema. Ahadi moja iliyovunjwa hufunga milango 10.

Sita, mtoto mwenyewe asikizwe, kwa umri wake. Yeye ndiye mwenye habari ambayo hakuna mkubwa aliye nayo.

Saba, na hili twawaambia hasa wazee. Mtoto akinajisiwa au akipigwa hata kuumizwa, jambo hilo si la kumalizwa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 hairuhusu mbuzi wala pesa ziwe malipo ya kosa hilo, na mzee anayeketi katika kikao cha namna hiyo anamkosea mtoto mara ya pili. Mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, polisi na afisa wa watoto waarifiwe, au ipigwe nambari 116 ambayo haitozwi pesa. Hata hapo heshima haikomi: mama aelezwe kila hatua, shangazi mwema atafutwe, na mtoto akiondolewa kwa usalama wake, jamaa wasio na hatia wasikatazwe kumwona bila sababu ya haki. Kumheshimu mwenye nyumba si kumficha mkosaji aliyemo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Twaitumia methali hiyo mara nyingi tunapoomba michango. Yafaa tuikumbuke pia tunapokwenda kusaidia, maana mkono wa chama nao ni mmoja tu, na mkono wa mama ulikuwapo kabla yake, na utakuwapo baada yake.

Tunaomba wanachama wazisome kurasa hizi pamoja na vijana wao, na kila mwenye kumbukumbu za malezi katika vijiji vya Hali ya Hatari ampe katibu, ziandikwe kabla hazijapotea. Na tunaomba mkutano mkuu uyakubali mambo saba yaliyotajwa hapa yawe kanuni ya wahudumu wa chama, ili mwaka ujao, hesabu ya nyumba zilizotembelewa itakaposomwa, isomwe pia hesabu ya nyumba zilizotukaribisha mara ya pili.